Mwezi wa dalali Morogoro: alipe mpangaji, alipe mwenye nyumba, au ufutwe?

Dalali wa Msamvu:
Mada yenyewe ni hii. Anayehamia Morogoro anadaiwa kodi ya miezi sita, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Wengi wanasema huo mwezi mmoja wa ziada ndio unaopandisha kodi mjini, kwa hiyo ufutwe au abebeshwe mwenye nyumba. Mimi ni dalali, upande wangu unajulikana. Nakubali mwezi mzima ni mwingi kwa baadhi ya kazi, ila kwamba ndio unaopandisha kodi, hapo nakataa.

Chukua chumba na sebule cha 80,000. Miezi sita ni 480,000, dalali 80,000, jumla 560,000 kabla mtu hajanunua hata ndoo. Mfute dalali, bado anatakiwa atoe 480,000. Mwache dalali lakini miezi iwe mitatu: 240,000 na 80,000, anatoa 320,000. Niambieni mzigo uko wapi.

Bei yenyewe inasukumwa na mambo mawili. La kwanza ni wanafunzi. Vyuo vya hapa, SUA, Mzumbe, Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu, vinafungua karibu wakati mmoja, kwa hiyo Oktoba na Novemba chumba hakikai wazi, na bei iliyopanda Novemba haishuki Machi. La pili ni maneno ya treni. Tangu SGR ianze kufika hapa Juni 2024, mwenye nyumba wa Kihonda hakosi kuitaja akipanga bei, eti watu wa Dar watalala Moro. Nauli ya daraja la kawaida ni 13,000. Kwenda na kurudi siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi. Mwenye uwezo huo hatafuti chumba cha 80,000, na anayetafuta chumba cha 80,000 hana hiyo nauli.

Mpangaji Mazimbu:
Mkuu, hesabu umeipiga vizuri ila umeruka kitu kimoja: cha juu. Mwenye nyumba anasema anataka 70,000. Dalali wa kwanza anampa dalali wa pili, wa pili anamtumia picha wa tatu, na mpangaji anaambiwa 80,000. Wakikutana na mwenye nyumba anayejua mchezo, ile 10,000 ya ziada kwa miezi sita, yaani 60,000, inarudi kwa madalali chini ya meza. Akiwa hajui, anashangaa kupewa 80,000, anaipokea, na kuanzia siku hiyo chumba ni cha 80,000. Jirani yake akisikia, naye anapandisha. Sasa dalali hajapandisha bei hapo?

Halafu kuna hela ya kuonyeshwa. Elfu kumi, unazungushwa vyumba vitatu, viwili vimeshachukuliwa wiki iliyopita na dalali anajua. Hiyo hairudishwi hata usipopata kitu.

Kubwa zaidi, dalali anakula pale mtu anapohama. Mpangaji akikaa miaka minne, dalali amekula mara moja. Akitolewa kila baada ya miezi sita, anakula mara nane. Mtu wa namna hiyo atamshauri mwenye nyumba amvumilie mpangaji aliyechelewa wiki mbili?

Mwenye Vyumba Sita:
Mnatusema kana kwamba miezi sita tunaitaka kwa roho mbaya. Si rahisi benki imkopeshe mtu wa kipato cha kawaida kwa ajili ya kupiga plasta vyumba vya uani. Kodi ya mkupuo ndiyo mkopo wetu. Vyumba viwili vikilipa miezi sita, cha tatu kinapata silingi na milango. Nikipokea mwezi mwezi, hela inaishia kwenye sukari na ada, na nyumba inabaki vilevile. Ndiyo maana mnapanga nyumba ambazo hazijaisha: mnazimalizia nyie.

Kuhusu kumlipa dalali, sawa, nibebesheni. Nitagawa 80,000 kwa miezi 12, nipate kama 6,700, niiweke kwenye kodi. Mwaka wa pili dalali hayupo tena ila hiyo 6,700 siitoi. Nani amepata hasara?

Dalali wa Msamvu:
Mzee kanisaidia bila kukusudia. Dada wa Mazimbu, cha juu kipo na siwezi kukitetea. Dawa yake ni nyepesi: usilipe kodi mkononi mwa dalali hata siku moja. Hela ya kodi iende kwa mwenye nyumba, kwa simu au benki, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Bei akuambie yeye kwa mdomo wake kabla hujatoa chochote. Dalali anayekataa usiongee na mwenye nyumba ana cha juu, au hana hiyo nyumba kabisa. Jina ukilitilia shaka, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe. Uliza tu, nyumba hii ni ya nani.

Fundi Umeme:
Mnagombania 80,000 inayolipwa mara moja, kuna nyingine inalipwa kila mwaka na hakuna anayeiona. Angalieni mita.

Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme, anayetumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, yuko kwenye daraja la bei la D1: shilingi 100 kwa uniti, ukiweka kodi na tozo inafika kama 122. Akizidi hapo mfululizo anahamia T1, 292 kwa uniti, na ukiweka makato hayo inafika kama 356. Sasa nyumba ya vyumba sita yenye mita moja: kila chumba kikitumia uniti 20, taa, simu, redio na pasi ya Jumapili, jumla ni 120. Wote wapo T1. Kila mmoja analipa 7,120 kwa zile uniti 20. Angekuwa na mita yake angelipa 2,440. Tofauti ni 4,680 kwa mwezi, 56,160 kwa mwaka.

Sabmita, ile mita ndogo ya kila chumba, haikuokoi. Inahesabu tu nani katumia ngapi, bei inabaki ya mita kubwa. Na kabla ya kuingia muulize mwenye nyumba uniti ya sabmita anaiuza shilingi ngapi. Ikipita 356, umeme umekuwa biashara yake.

Kingine: kabla hujalipa kodi, nunua umeme wa elfu mbili au tatu kwa namba ya mita ya nyumba hiyo, usome risiti. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni 1,500 kwa mwezi na inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nyumba iliyokaa miezi minane bila kununuliwa umeme ina 12,000 inakusubiri wewe. Hilo ni deni la mwenye jengo. Ulilipe kama huna njia, lakini liandikwe na likatwe kwenye kodi ya chumba.

Mwenye Vyumba Sita:
Fundi, mita moja mjini kuunganishiwa ni 320,960, hapo hujahitaji nguzo. Sita ni zaidi ya 1,900,000. Nirudi kulekule kwenye kodi ya mkupuo?

Fundi Umeme:
Mbili tu, mzee. Vyumba vitatu vitatu, uniti 60 kila mita, wote wanarudi D1. Sharti ni asiwepo wa jiko la umeme wala friji kubwa upande wowote.

Mtu wa Mabaraza:
Kwa upande wa sheria, anayesubiri serikali ipange kodi asubiri akiwa amekaa. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kodi ni makubaliano, na hakuna sheria mahususi ya udalali wa nyumba inayosema mwezi mmoja, nusu mwezi au robo. Ajabu ni kwamba Julai 2025 serikali iliwazuia wageni wasifanye udalali wa majengo, kazi ikawa ya Watanzania peke yao. Kwa hiyo imetambulika kiasi cha kulindwa, ila bei yake haijapangwa.

Mpangaji akigombana na mwenye nyumba, wanaanzia baraza la kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa karatasi. Mikataba mingi ya vyumba hapa mjini ni ukurasa mmoja wa dukani wenye majina, kiasi na sahihi. Haisemi notisi ni ya muda gani, wala nani anaziba bati likivuja, wala kodi itaongezwa lini. Ongezeni hivyo vitatu kwa kalamu, wote wawili msaini pembeni.

Mpangaji Mazimbu:
Basi mimi napendekeza hivi, dalali ajibu ndiyo au hapana. Malipo yake yagawanywe. Nusu siku ya kupokea ufunguo, nusu siku ya 30. Siku 30 zinatosha kujua kama maji aliyosema yanatoka kila siku yanatoka kweli, au ni mgao wa mara mbili kwa wiki na hakuna simtanki. Kama alidanganya, ile nusu haipati. Na ile nusu ya kwanza mwenye nyumba achangie, maana na yeye katafutiwa mteja.

Dalali wa Msamvu:
Nusu nusu ndiyo. Siku 30 hapana, wiki mbili zinatosha kuona mzunguko wa mgao. Na nikikubali kusubiri, nataka namba ya mdhamini wako kwenye karatasi, kwa sababu siku ya 15 simu za wapangaji wengi huwa hazipatikani. Mwenye nyumba kuchangia, muulize mzee hapo juu.

Mwenye Vyumba Sita:
Robo. Mpangaji akivuka mwaka mmoja.