Marefa wapya wanaouliza kila kitu: nawafanyaje wafungue kitabu wenyewe?

Kibendera_Likoni
Assalam aleikum wadau. Nina vijana sita wanaoanza kushika filimbi ligi za mtaani. Sheria zote wataka nizitafune mimi wao wameze. Nikijibu leo, Jumamosi swali ni lile lile. Mwawafunza vipi?

FilimbiChangamwe
Waaleikum salaam. Usitoe jibu, toa namba: "Iko Sheria ya 15, kasome urudi." Wala usiwaanzishe mwanzo wa kitabu. Sheria ya 1 ni vipimo vya uwanja na milingoti, kijana atasinzia papo hapo. Anza na ya 12 (rafu na utovu wa nidhamu), kisha ya 11 (kuotea), ndipo 13 mpaka 17 (frikiki, penalti, mpira wa kurusha, golkiki na kona).

Swali moja kwa siku, na jibu lije na mambo manne: kosa ni lipi, mchezo waanzwa vipi, kutoka wapi, kadi ipo au haipo. Mfano: mpira umerushwa kwa mikono kutoka pembeni, ukaingia wavuni bila kuguswa na mtu. Goli? Si goli. Ukiingia kwa wapinzani ni golkiki, ukiingia kwa mrushaji mwenyewe ni kona. Hapo kwenye kona ndipo wengi huteleza.

DaftariLaRefa
Mimi naona shida kubwa ni lugha. Kitabu cha IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, ni bure mtandaoni, ila Kiingereza chake kila neno lina uzito. Rafu kwenye Sheria ya 12 ina ngazi tatu: kukosa uangalifu ni bila kadi; kutojali hatari kwa mwenzio ni njano; nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Asiyezitenganisha atatoa kadi kwa kelele za mashabiki. Kila neno la namna hiyo aliandike daftarini kwa Kiswahili chake. Fasiri za maneno ziko nyuma ya kitabu, na ndizo watu huziruka.

FilimbiChangamwe
Na toleo! Mabadiliko huanza 1 Julai, lakini PDF za kale bado zazunguka WhatsApp. Zamani kipa akikaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde 6 ilikuwa frikiki isiyo ya moja kwa moja. Tangu 2025/26 ni sekunde 8, adhabu ni kona, na refa huinua mkono akihesabu tano za mwisho.

Kibendera_Likoni
Shukran. Na yule wa "mtangazaji wa TV alisema"?

DaftariLaRefa
Mwulize mtangazaji alisoma ukurasa gani.