Ushauri: mjomba haoni vizuri, nitajuaje app ipi ya kusoma na ya kuelekeza njia inamfaa kweli?

mpwa_wa_ticha

Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri, na kama humu kuna mtu haoni au anaishi na asiyeona naomba asipite kimya, nyie ndo nawahitaji zaidi.

Mjomba wangu mwalimu mstaafu yupo Tanga, Ngamiani, ana miaka 67. Presha ya macho imemchukua jicho la kushoto lote, la kulia limebaki na katundu katikati, mwenyewe anasema ni kama anachungulia kwenye tundu la kitasa. Huyu mtu kusoma ndo maisha yake, gazeti lilikuwa linatangulia hata chai. Siku hizi anasomewa na mjukuu wa darasa la nne, mtoto anaruka maneno magumu na mzee anajua kabisa kuna kitu kimerukwa lakini ananyamaza asimvunje moyo, nilikaa pembeni nikaliona hilo, chakula kikanikaa kooni.

Cha pili ni kutoka. Nyumba ipo barabara ya 8, msikiti wake na duka la dawa vipo barabara ya 12, ni kuvuka mara nne tu, ila tangu agongwe na baiskeli mwezi wa tatu hatoki bila kushikwa mkono.

Nikamnunulia simu ya Android ya kawaida, nikashusha app tano, zote zina nyota nne kwenda juu. Yaliyotokea sasa. Ya kusoma vitabu ilitaka afungue akaunti kwanza, halafu achague picha zenye taa za barabarani kuthibitisha yeye ni mtu, safari ikaishia hapo. Ya kupiga picha gazeti ilichanganya safu, inasoma mstari wa habari ya bungeni inaunganisha na wa mpira. Ya ramani ikamwambia aelekee kaskazini magharibi, akaniuliza mwanangu, hapa nilipo mlangoni kaskazini magharibi ni mkono gani? Na zote sauti ni ya Kizungu inayosoma Kiswahili, "shule" inatoka "shuul", mzee aliyefundisha Kiswahili miaka 34 anakunja uso kila sentensi.

Maswali yangu: app zipi mnatumia nyie wenyewe, na nampimaje nijue hii anaiweza kweli na siyo anasema "nzuri mwanangu" kunifurahisha? Maana anafanya hivyo.

chuda_boy

Pole sana dada. Mwekee maandishi makubwa kabisa kwenye setingi, bimkubwa wangu nilimfanyia hivyo anasoma WhatsApp mpaka usiku.

sioni_ila_nasoma

chuda_boy kwa mama yako sawa, kwa presha ya macho angalia. Ugonjwa huu unakula pembeni unaacha katikati, sasa ukikuza herufi sana neno zima haliingii kwenye katundu, unaona "Wa" unatafuta "zi" unatafuta "ri", ukifika mwisho umesahau mwanzo. Mimi nilipita huko miaka miwili kabla halijazimika kabisa. Kilichonisaidia ni herufi za kiasi, nyuma nyeusi tii na maandishi meupe, kwenye setingi ingia Ufikivu utakuta pa kugeuza rangi.

Ila mpwa, jicho lililobaki msiliegemee. Aanze kujifunza kwa masikio sasa hivi wakati bado anaona kidogo, mimi nilichelewa na ilinigharimu.

Kabla ya app yoyote rekebisha sauti. Setingi, tafuta sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, chagua injini ya Google, lugha weka Kiswahili, na ile sauti ipakue kabisa kwenye wifi isitegemee bando. Ikisumbua kuna eSpeak NG, nayo ina Kiswahili, inasikika kama bati lakini ni nyepesi na haikwami, mimi naitumia mwaka wa sita huu. Hiyo "shuul" siyo kosa la app moja moja, ni sauti ya simu nzima haijawekwa.

Halafu washa TalkBack, ile inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, imo kwenye simu tayari. Wiki ya kwanza afanye vitu vitatu tu: kidole kimoja kuteleza kulia aende kitu kinachofuata, kugonga mara mbili kufungua, vidole viwili kusogeza ukurasa. Weka na njia ya mkato ya kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti pamoja sekunde tatu, iwake au izimike, maana kuna siku atampa mtu simu na yule mtu atadhani imeharibika.

Kusoma: @Voice Aloud Reader. Inachukua PDF, EPUB (vitabu vya kwenye simu), kurasa za intaneti, unabonyeza shiriki kutoka popote inaanza kusoma kwa sauti ile ile uliyoweka. Gazeti asome la mtandaoni kama lipo, la karatasi mkunje ibaki habari moja tu ndo apige picha, safu hazitachanganyika. Kwa boksi la dawa na barua kuna Seeing AI ya Microsoft, ilianza kwenye iPhone 2017, Android ikaja Disemba 2023, au Lookout ya Google. Jaribuni zote mbili mbakize moja. Mkishabakiza, hiyo nyingine futeni.

Hela asitegemee kamera. Mimi elfu kumi naikunja mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili naikunja kwa urefu, buku haikunjwi. Dukani sikosei.

mvita_01

Salaam aleikum. Mke wangu haoni tangu utotoni, twakaa Mombasa. Yeye hutumia Be My Eyes, ilianzia Denmark 2015 na Android ikafika 2017. Wabonyeza, mtu anayejitolea anakuja kwa video, anakuambia ile kanzu ni ya kijani ama ya buluu, ile chupa imeisha muda ama bado. Lugha wachagua mwenyewe kwenye setingi. Mwambie tu mjomba asioneshe kitambulisho wala namba ya siri ya hela, na asiitumie kuvukia barabara hata siku moja.

Kuhusu ramani, msijilaumu. Google Maps walitoa maelekezo marefu ya sauti kwa wasioona mwaka 2019 lakini walianza kwa Kiingereza Marekani na Kijapani Japani. Sisi twatumia OsmAnd, yafanya kazi bila bando ukishashusha ramani ya nchi, na ramani zake zatoka OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kawaida, yaani mwaweza kuongeza mambo yenu wenyewe. Dar vijana wa Ramani Huria walichora mitaa mingi sana humo kuanzia 2015 kwa sababu ya mafuriko. Tanga sijui imejazwa kiasi gani mtaani kwenu, fungueni muangalie. Mke wangu ameweka alama zake: mtaro usiofunikwa, kona ya muuza mahamri, ngazi ya kliniki.

Jambo jengine, wasioona wengi wenye iPhone walipenda mno Soundscape ya Microsoft, ilikuwa yakupa sauti upande ule jengo lilipo. Mwaka 2023 wakaifunga. Bahati waliacha msimbo, yaani maandishi yaliyoiunda, wazi kwa yeyote, wengine wakaifufua kwa jina la VoiceVista. Kwa hivyo mjomba asiwekwe maisha yake yote kwa app moja.

fundi_wa_app

Natengeneza app kwa riziki na swali lako la pili ndo kazi yangu, ngoja niandike kidogo.

Nyota za dukani usiziangalie, zimetolewa na watu wanaoona. Usimuulize "ni nzuri?" pia. Mpe kazi: soma meseji iliyoingia sasa hivi uniambie salio ni shilingi ngapi. Fungua ukurasa uliosoma jana. Niambie dawa hii inaisha lini. Halafu kaa kimya, hiyo ndo sehemu ngumu kuliko zote, mkono wako utataka kwenda kwenye simu, ukalie. Andika anapokwama, alitelezesha kidole mara ngapi kabla ya kufika, alirudi nyuma mara ngapi, na akikosea je anajua kwamba amekosea? Hilo la mwisho mimi nalipa uzito kuliko muda. App inayomchelewesha anaweza kuizoea, inayomwacha akiamini ametuma kumbe hajatuma itamletea hasara.

Kesho yake rudia zile zile bila kumkumbusha. Kama jana aliweza na leo hawezi, app inamdai akumbuke mambo mengi mno.

Jaribu pia ukiwa bando limeisha, ukiwa juani, ukiwa pale pikipiki zinapita sauti haisikiki. Sebuleni kila app inafaulu. Na kabla hujampelekea, shusha Accessibility Scanner ya Google uipitishe kwenye app, inakuonesha vitufe visivyo na lebo, yaani jina la TalkBack kusoma, na vilivyo vidogo kuliko 48 kwa 48 kwa kipimo cha Android. Ukikuta skrini imejaa hivyo usimpotezee mzee muda.

Kuna mtu atakwambia habari za SUS, yale maswali 10 ya John Brooke ya 1986 ya kupima kitu ni rahisi kiasi gani kutumia, yanayotoa alama mpaka 100. Ni mazuri ukiwa na watu wengi. Kwa mtu mmoja unayemjua, kumkalia pembeni kunakwambia zaidi.

muuguzi_pangani

Mimi niongeze la afya. Matone ya macho asikose hata siku moja, kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi ila kilichobaki kinaweza kutunzwa. Na mpwa, mama yako ni ndugu yake wa damu, huu ugonjwa unatembea kwenye familia na mwanzoni hauumi wala hauonekani. Mpeleke akapimwe mwezi huu.

mpwa_wa_ticha

Asanteni, muuguzi hilo sikuwa nalijua, mama nampeleka Jumatatu.

Swali kwa sioni_ila_nasoma, ukiwa barabarani wewe app inakusaidia kitu gani hasa? Mjomba anaogopa itamtumbukiza mtaroni.

sioni_ila_nasoma

Anaogopa sawasawa. GPS ya simu hata pakiwa wazi inakosea mita tano hivi, na mita tano ni tofauti ya kuwa barabarani na kuwa mtaroni. Fimbo nyeupe ndo inaniambia hatua inayofuata, masikio yananiambia magari, app inaniambia tu niko wapi kwenye mji. Kama hana fimbo nunueni hiyo kwanza, ulizeni Chama cha Wasioona hapo Tanga kuna watu wa kumfundisha kuishika. Hedifoni sikio moja tu, simu ining'inie shingoni ndani ya shati siyo mkononi, vibaka wanaona.

Na kwa Ngamiani mmebahatika, barabara zina namba. Ahesabu vivuko, 9, 10, 11, 12, app iwe ya kuthibitisha.

mpwa_wa_ticha

Narudi baada ya siku kumi na mbili.

Sauti ya Kiswahili nimeweka, siku ya kwanza mzee alisikiliza habari nzima akaniambia "huyu amesoma", basi. Nilikalia mikono kama fundi alivyosema, ilikuwa kazi. Kumbe kusoma meseji anaweza vizuri, anapokwama ni kwenye menyu ya kutuma hela, inakatika kabla hajamaliza kusikiliza chaguo la nne. Na kwenye app moja TalkBack ilikuwa inasema tu "kitufe, hakina lebo" mara tatu mfululizo, alikuwa anakisia, na hakujua kwamba amebonyeza siyo. Nisingekaa kimya nisingeliona hilo maana aliniambia imekwenda vizuri. Tumebakiza nne: TalkBack yenyewe, @Voice, Seeing AI, OsmAnd. Nyingine nimefuta.

Jana alasiri alikwenda barabara ya 12 na fimbo, mimi hatua kumi nyuma, hakujua. Kila kivuko alisimama, akageuza kichwa upande wa baiskeli zinakotokea, akasema namba kwa sauti. Kwenye kumi na moja kulikuwa na mkokoteni wa maji umeziba njia, akaugusa kwa fimbo, akauzunguka. Dukani akatoa simu ndani ya shati akaielekeza kwenye boksi la matone, ikasoma tarehe, akamrudishia muuzaji akamwambia hili limebakiza mwezi mmoja nipe jingine.

Ana maswali mawili kwa sioni_ila_nasoma. Kile kitufe kisicho na lebo hakuna namna? Na anasema sauti inapita kwenye mkato bila kupumua, inamkera.

sioni_ila_nasoma

Mpe shikamoo yangu mwalimu. Kitufe akiwa juu yake afungue menyu ya TalkBack, kuna pa kuongeza lebo, kipeni jina mtakalo na simu italikumbuka. Menyu ya hela, ajifunze namba kwa kichwa aandike bila kusubiri isome, na hapo awashe kuficha skrini, ipo menyu hiyo hiyo ya TalkBack, asichunguliwe. Mkato: shusha kasi ya sauti kidogo kidogo mpaka aridhike, na kwenye setingi za TalkBack kuna pa kuamuru alama za uandishi zitamkwe. Atasikia "mkato" kila mahali, siku mbili tatu atachoka, ila kwa kusahihishia barua atakazoandika mwenyewe ataitaka.