Naomba ushauri: kumbukumbu ya babu aliyependa mlima

Wakuu, habari zenu. Babu yetu alifariki mwaka jana, na Desemba hii ukoo mzima unakutana Marangu kwa misa ya kumbukumbu. Babu hakuwa mtu wa kukaa ndani: alfajiri yuko kihambani, shamba la migomba la nyumbani, na panga lake anakata mikungu, jioni anatufundisha wajukuu kutambua ndege kwa sauti tu. Na Kilimanjaro aliupenda mno!

Wajukuu tunataka tupande hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji kwenye njia ya Marangu, mita 2,720, turudi siku hiyohiyo. Wazee wanaona misa na chakula vinatosha. Bibi anatamani kwenda, ila magoti yanamsumbua.

Mliowahi kupeleka watoto, wa miaka sita anafika? Na bibi tumshirikishe vipi? Kumwacha getini roho yangu inakataa.