Naomba ushauri: mashapo hayakusanyiki katikati ya sufuria ya bia

Wakuu habari zenu, niko Moshi napika bia nyumbani kwa sufuria ya lita 50 yenye koki ubavuni. Nikizima jiko nazungusha na mwiko mrefu mpaka kishimo kitokee katikati, nafunika nasubiri dakika 15, ila nikifungua koki unatoka uji wa kijani wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), mashapo yametanda chini kote badala ya kujikusanya kama kichuguu. Nimejaribu kuzungusha na pampu ndogo, afadhali kidogo tu. Koili ya kupoozea (bomba lililoviringwa la kupitisha maji baridi) huwa imo humo humo, nahisi ndo inakata mzunguko.

Sasa je, nizungushe ikiwa bado ya moto kabla ya kuweka koili, au nipooze kwanza nitoe koili ndo nizungushe? Na mdomo wa bomba la pampu ukae kina gani? Hopsi ghali jamani, kila lita inayobaki chini inaniuma kweli.