Naomba ushauri: ukaguzi wa msimbo wa kupima umbali kwenye ramani

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Nimepewa jukumu la kukagua msimbo wa kipengele cha kupima umbali katika programu ya ramani, na kabla sijauidhinisha naomba mawazo yenu.

Msimbo wa zamani ulikokotoa umbali kwa viwianishi bapa vya projeksheni ya Mercator (njia ya kuitandaza dunia kwenye ramani bapa), kwa hiyo digrii 1 ya longitudo ilitoa takribani kilomita 111.3 popote pale, hata kwenye latitudo ya 60 ambako umbali halisi ni karibu nusu ya huo. Mwenzangu ameurekebisha kwa kanuni ya haversine, akiichukulia dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Nilipoujaribu kwenye latitudo hiyo nilipata kilomita 55.6, ilhali hesabu ya WGS 84, kielelezo sanifu cha dunia iliyobonyea kidogo kwenye ncha zake, hutoa 55.8.

Nilifikiria kupendekeza kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975, inayozingatia kubonyea huko kwa dunia, ila inaweza kushindwa kufikia jibu pale nukta mbili zinapokaribia kuwa pande zinazokabiliana za dunia. Majaribio yaliyoandikwa hayagusi hali hiyo kabisa, wala mstari unaovuka longitudo ya 180, na hilo la pili kwangu ni kasoro isiyosameheka.

Je, kwa watu wanaopima viwanja na pia safari ndefu kwa zana ileile, haversine inatosha, au nimrudishie mwenzangu kazi? Na katika majaribio, mngekubali tofauti ya kiasi gani?