Uliyewahi kukaguliwa au kutolewa kidoa cheusi mwilini, tupeane uzoefu

Mgongo Wazi:
Wakuu, nina kidoa mgongoni tangu utotoni, hakijawahi kunisumbua. Sasa mwenzangu anasema kimetanuka upande mmoja na rangi imekolea. Miadi ya daktari wa ngozi ninayo. Waliopita njia hii naomba mnisimulie: wanafanya nini hasa, kinauma kiasi gani, na kovu linakuwaje? Ushauri wa kufunga uzi, kupaka siki na maji ya betri nimeshapewa wa kutosha, huo mniachie.

Fundi Saa:
Ukaguzi wenyewe hauumi, mkuu. Mimi nilivua nikabaki na chupi, nikaangaliwa kuanzia utosini, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Kuna kifaa kidogo cha mkononi chenye taa na lenzi, wanakigusisha kwenye ngozi ili waone rangi iliyo chini. Changu kilipigwa picha, nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu tulinganishe. Nilitaka kikatwe palepale, nikakataliwa, na nilikasirika kweli.

Nilichoelezwa ni kwamba mtu mzima kuwa na vidoa hata thelathini si ajabu. Wanachotafuta ni kile kisichofanana na wenzake: nusu moja hailingani na nyingine, kingo zimevurugika, rangi zimechanganyika, kimezidi milimita 6, au kinabadilika. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo lako. Nenda.

Mama Pacha:
Mimi nilipeleka vile vidude vyeusi vya mashavuni, vinaongezeka kadiri umri unavyokwenda, mama yangu naye anavyo. Kumbe si vya aina hii mnayoizungumzia. Ni vinyama visivyo na madhara, sisi weusi tunavyo sana na vinarithiwa. Vinaunguzwa kwa umeme. Daktari alijaribu kwanza viwili vilivyojificha karibu na nywele, na bora alifanya hivyo, maana viliacha weupe uliokaa muda mrefu. Vilivyobaki vimekuwa urembo wangu.

Kisigino:
Mgongo na uso sawa, ila changu kilikuwa wayoni, na huko wengi hatutazami kabisa. Melanoma, ile saratani ya ngozi inayoogopwa, kwa watu weusi ni nadra. Lakini ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, pasipo na jua. Bob Marley yake ilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira, ikagundulika 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36.

Mimi nilikatwa kwa ganzi. Sindano ya ganzi wayoni ndiyo iliyonitoa machozi. Kisu chenyewe unasikia unavutwavutwa tu. Kipande kikaenda maabara, na kule kusubiri majibu ndiko kulikoninyima usingizi. Yakaja mazuri. Mgongo Wazi, kikikatwa chako, uliza mapema kama kitapimwa. Na anayetaka kukiunguza kwa leza kidoa chenye shaka muage, kikishaungua hakuna cha kupima.

Jirani Mwema:
Mnamtia mwenzenu matatani. Kidoa kikiguswa kisu ndipo kinaposambaa. Waachieni Mungu.

Kisigino:
Jirani, kinachosambaa ni saratani iliyoachwa ikae. Kuikata mapema ndiyo tiba yake, na mara nyingi inatosha hiyo hiyo.

Nesi Mstaafu:
Nami niongezee la kidonda, maana hapo ndipo watu huharibu. Msikiache kikauke kwa upepo, wala msikimwagie spiriti kila siku. Ukisharuhusiwa kukilowesha, osha taratibu kwa maji na sabuni ya kawaida, paka mafuta ya mgando, funika. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za mgongoni 10 hadi 14 kwa sababu ngozi ya pale huvutwa kila unapoinama. Kwa hiyo, mwanangu Mgongo Wazi, hakuna kubeba mizigo. Wekundu unaoongezeka, usaha au homa, rudi haraka.

Kama kwenu mna makovu yanayovimba na kuzidi kidonda chenyewe, yaani keloidi, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Kifuani na mabegani ndiko yanakopenda. Kuna sindano za steroidi na vibandiko vya silikoni, na vinasaidia zaidi vikianza mapema.

Mgongo Wazi:
Asanteni sana wakuu. Shikamoo Nesi. Swali moja la aibu: kina unywele mrefu katikati. Niung'oe kabla ya miadi?

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Usiung'oe, pakivimba daktari atashindwa kusoma kinachoendelea. Ukikukera ukate kwa mkasi. Kidoa chenye nywele mara nyingi ni cha amani, lakini kwa kuwa kinatanuka, mwonyeshe hivyo hivyo kilivyo.