Naomba neno zito la Kiingereza la jambo lisiloingia akilini (barua kwa mwenye nyumba)

Mpangaji_Umoja
Wadau, habari za jioni. Namwandikia mwenye nyumba niliyohama mwezi jana hapa Umoja, Nairobi. Anasema harudishi dipoziti mpaka niipake nyumba rangi. Sawa. Lakini funguo alishachukua, na aliyehama haruhusiwi kuingia. Nikiomba funguo nikapake, anasema mwenye funguo ni mpangaji, kwa hiyo nilipe kodi ya mwezi mzima kwanza. Barua ni ya Kiingereza. Nina "illogical" na "absurd" ila naona hazina meno. Nikaweka "ludicrous", rafiki yangu akasema ni kama namtania mzee. Nisaidieni, nataka kuituma leo.

Mhariri_Baridi
Rafiki yako hajakosea. Ludicrous imetoka kwa ludus ya Kilatini, yaani mchezo, kwa hiyo ni ya kitu cha kuchekwa. Absurd nayo inatoka kwa absurdus, sauti iliyoachana na wimbo. Unayoitafuta ni preposterous. Prae ni kilichotangulia, posterus ni kinachofuata: cha nyuma kimewekwa mbele. Ilitakiwa funguo kwanza, rangi baadaye. Ila ujue ni neno la mtu aliyekwisha kupandisha sauti.

Kijana_wa_Kona
Weka surreal, yaani kama ndoto. Merriam-Webster waliliteua kuwa neno la mwaka 2016, dunia nzima ilikuwa inalitafuta kwenye kamusi. Mzee akilisoma atafikiri umetoka ng'ambo.

Bi_Shamim
Mimi sielewi kwa nini Kiingereza. Watu wa Nairobi mkiwa na furaha mnaongea Sheng, mkikasirika mnahamia Kiingereza cha mahakamani. Mwambie "haya hayaingii akilini" alale nayo. Halafu vijana mpunguze ubishi na wazee.

Nairobi_Halisi
Dipoziti! Mimi Kayole nilikatwa pesa ya sinki. Nyumba haikuwahi kuwa na sinki, vyombo tulikuwa tunaoshea kwenye karai nje. Nikamwambia msimamizi wa ploti hakuna sinki. Akanijibu, "Ndiyo maana tunakukata. Iko wapi?" Mpaka leo sijapata jibu la hilo swali.

Karani_wa_Zamani
@Mpangaji_Umoja, hali yako ina jina tayari: Catch-22. Ni riwaya ya Joseph Heller ya 1961. Rubani mwenye wazimu anaruhusiwa kuacha kurushwa vitani, lakini lazima aombe mwenyewe, na akiomba tu, hiyo ni dalili kwamba akili zake ni timamu, basi anarudi kuruka. Hakuna pa kutokea.

Lakini neno halirudishi pesa. Nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016, inashughulikia madai hadi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na unajisimamia bila wakili. Usipoteze muda na lile baraza la kodi za nyumba. Sheria yake inashika nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni ya 2,500 Umoja nihamie kesho. Kama kuna kitu kinastahili maneno yenu makubwa, ni hicho.

Mpangaji_Umoja
Asanteni sana. Nimeweka preposterous mara mbili na Catch-22 kwenye kichwa cha barua.

Mama_Kimya
Mwanangu, swali moja. Watu wanahama kila mwisho wa mwezi, wanakatwa kidogo ya rangi, maisha yanaendelea. Wewe kwa nini upake nyumba nzima?

Mpangaji_Umoja
Ni uchakavu wa kawaida tu, mama. Tusitoke kwenye mada.

Mama_Kimya
Kuta zina rangi gani?

Mpangaji_Umoja
Nyeusi. Chumba cha kulala peke yake. Na dari.

Kabla hamjaanza: nilikuwa narekodi video, na nyeusi hairudishi mwanga wa taa. Tena ni rangi ya bei. Mzee aliingia kuangalia mita ya stima, akaiona, akanyamaza. Kunyamaza si ni kukubali? Na barua ya kwanza nilishatuma. Alinirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. "Illogical" aliizungushia duara, akaandika pembeni "weak". Ndiyo maana nataka neno zito.

Shahidi_Macho
Hapa nimeshuka. Mpaka kwenye funguo nilikuwa na wewe. Lakini mwenye nyumba anayesahihisha barua ya madai kwa kalamu nyekundu? Huyu anatuandikia mchezo wa kuigiza. Weka picha ya ukuta.

Mpangaji_Umoja
Picha nitapigaje na funguo anazo yeye?

Shahidi_Macho
Mtu wa video, chumba ulikipaka kwa ajili ya video, na huna hata picha moja yake. Basi weka barua.

Mpangaji_Umoja
Ina jina lake.

Shahidi_Macho
Ziba jina.

Kijana_wa_Kona
Saa nzima kimya. Ametumwa dukani kununua kalamu nyekundu.

Nairobi_Halisi
Msimcheke. Hata mimi mkiniomba picha ya sinki nitawapa nini?

Mhariri_Baridi
Iwe kweli iwe ya kubuni, jibu langu nalibadilisha. Mtu mwenye dari nyeusi hawezi kusimama mbele ya mtu na preposterous. Andika unreasonable, yaani isiyo ya busara. Ni neno kavu lakini ndilo wanasheria wanalolitumia, kwa sababu linaacha nafasi ya kukubaliana. Na uliweke kwenye sharti la funguo peke yake. Rangi ipite bila sifa yoyote. Catch-22 itoe kwenye kichwa.

Fundi_Brashi
Mimi kazi yangu ni rangi. Nyeusi huwezi kuipiga nyeupe juu moja kwa moja, itachungulia. Msasa, andakoti (rangi ya chini), halafu nyeupe mara mbili. Dari ndiyo itakula pesa, shingo inauma. Akitaka nifanye, aelewane na mzee, mimi nitapokea funguo kwa mzee mwenyewe na nitazirudisha kwake.

Bi_Shamim
Fundi, jikoni kwangu kuna masizi ya miaka. Uko wapi na unachukua ngapi?